Uzi maalumu wa Mithra: kabla hujasambaza ile ya bikira na Desemba 25, pita hapa

#1 Kifusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Krismasi ikikaribia lile bandiko linafufuka. Mnalijua: Mithra, mungu wa Waajemi, alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akawa na wanafunzi 12, akafa, akafufuka siku ya tatu, kwa hiyo Wakristo wamekopi. Linapita kwenye magrupu ya WhatsApp, linatua humu, walokole wanawaka, wasioamini wanashangilia, matusi yanaanza, uzi unafungwa.

Sijaja kutetea wala kubomoa dini ya mtu. Hoja yangu ni moja: dini ya Mithra ya Warumi haikutuachia kitabu. Ilikuwa dini ya siri, na wenyewe walizikwa na siri zao. Tulichobakiwa nacho ni mahekalu yaliyofukiwa, mawe ya kuchongwa, rangi ukutani, vyombo, mifupa ya kuku, pamoja na maneno ya watu wa nje ambao wengi walikuwa wapinzani wake. Anayekusimulia maisha ya Mithra kuanzia mimba mpaka kaburini, muulize kayatoa wapi. Mimi nitaleta yaliyotoka ardhini, kisha tugombane tukiwa na kitu mkononi.

Tuanzie London. Mwaka 1954, eneo la Walbrook katikati ya jiji, mahali palipopigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili, palikuwa panaandaliwa kujengwa jengo la ofisi. Mwanaakiolojia W. F. Grimes alikuwa anachimba humo kabla wajenzi hawajaingia. Siku ya mwisho ya kazi, tarehe 18 Septemba, kikatoka kichwa cha marumaru cha kijana aliyevaa kofia laini yenye ncha iliyokunjamana kwa mbele. Kofia hiyo ndiyo iliyomtaja mwenye nyumba: Mithra. Magazeti yakaandika, na watu kwa maelfu wakapanga foleni kuliona shimo. Habari ikafika hadi kwenye baraza la mawaziri la Churchill. Ujenzi wa zile ofisi haukusitishwa, ila hekalu liling'olewa jiwe kwa jiwe na mwaka 1962 likajengwa upya hapo jirani, juu ya paa la maegesho ya magari, kwa saruji ya kisasa. Grimes mwenyewe hakulipenda hata kidogo. Mwaka 2017 ndipo liliporudishwa karibu kabisa na pale pale lilipokuwa, mita kama 7 chini ya barabara ya leo.

Sasa ona lilivyo. Ni chumba kirefu chembamba, sakafu yake imeshuka chini, kushoto na kulia kuna majukwaa ya kuegemea watu wakila, na mwisho kabisa ndipo palipokaa picha ya mungu. Dirisha hakuna. Ukiondoa mambo madogo madogo, mchoro ni huo huo Roma, Ujerumani, Syria, Algeria. Wenyewe waliliita pango, na penye pango la kweli walilitumia. Mahekalu ya namna hii yameshachimbwa zaidi ya mia moja, na mengi hayachukui hata watu hamsini. Kundi likikua hawakujenga kubwa zaidi, walifungua lingine. Ostia peke yake, mji wa bandari wa Roma, yamepatikana kama 18.

Naendelea, msinirukie.

#2 Mkemia wa Mtaa

Nimeweka mkeka. Shusha nyama mkuu.

#3 Kifusi

Nyama ipo, tena ya jogoo, itafika.

Picha kwanza. Kwenye karibu kila hekalu, ukutani mwa mwisho, kuna tukio lile lile: Mithra amempigia goti fahali mgongoni, mkono wa kushoto umeshika pua za mnyama na kuzivuta nyuma, mkono wa kulia unazamisha kisu shingoni. Uso wake ameugeuzia pembeni, hamtazami anayemchinja. Mbwa na nyoka wanarukia damu. Nge amebana korodani za fahali. Kunguru yuko juu ya joho. Mkia wa fahali unaishia kwa mashuke ya ngano. Pembeni wamesimama vijana wawili wenye mienge, mmoja kauinua na mwenzake kauinamisha, majina yao Cautes na Cautopates. Pembe za juu ni Jua na Mwezi.

Michongo ya namna hii iko mamia. Na hakuna hata mmoja wenye maandishi ya kueleza kwa nini fahali anachinjwa. Hakuna! Hebu fikiria wachimbaji wa miaka elfu mbili ijayo wakute misalaba kila mahali, wasikute hata ukurasa mmoja wa Injili. Wangetunga nini?

#4 Bint Falaki

Kaka Kifusi, samahani nakukatiza. Hao wanyama mbona ni buruji na nyota? Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa falaki, sisi watoto wa Pwani tulikaririshwa: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu... Thauri ndiye fahali, Akrabu ndiye nge, Sumbula ndiye mwenye shuke mkononi. Mbwa, nyoka na kunguru nao wapo mbinguni ingawa hawamo kwenye zile 12.

#5 Kifusi

Dada, umeingia mlango ambao wasomi wameugombania kwa nusu karne.

Ndiyo, mbingu zimo humo ndani bila ubishi. Michongo kadhaa imezungushiwa buruji zote 12, ule wa London ukiwa mmojawapo, na Porphyry, mwanafalsafa wa karne ya 3, anaeleza kwamba pango lilikuwa mfano wa ulimwengu. Ugomvi ni kiasi gani. Mwaka 1989 David Ulansey alidai fahali anayekufa ni zama za Thauri: zile nukta angani ambapo jua hukaa siku ambazo usiku na mchana hulingana husogea polepole kwenye mzunguko wa buruji, jambo aliloligundua Hipparchus karne ya 2 KK, na kwa hiyo Mithra angekuwa mungu mwenye nguvu za kuisukuma mbingu nzima. Nadharia tamu. Kasoro yake ni kwamba hakuna mwandishi wa kale anayemhusisha Mithra na jambo hilo, na ugunduzi wenyewe haukuwa maarufu wakati ule. Roger Beck aliisoma picha kama ramani ya nyota kwa njia nyingine, akaiwekea mipaka zaidi. Mimi niko upande wa Beck: nyota zipo, ila si kila mchonga mawe wa kambini alikuwa mnajimu.

#6 Shemasi Mstaafu

Ndugu mleta uzi, umeanza vizuri. Lakini usikwepe. Mababa wa Kanisa wenyewe walikiri kufanana. Justin Mfiadini aliandika karne ya 2 kwamba mashetani wameiga Ekaristi katika siri za Mithra, wanaweka mkate na kikombe cha maji. Tertullian wa Carthage naye kasema hivyo hivyo. Unalijibuje hilo?

#7 Kifusi

Shikamoo shemasi. Sikwepi, na hao ni mashahidi wazuri maana wameona kwa macho ya wakati ule. Tertullian anatusimulia hata jinsi askari wa Mithra alivyopewa taji kwenye ncha ya upanga, akalisukuma na kusema Mithra ndiye taji lake. Mkate, kikombe, kiapo, mlo wa pamoja: kufanana kupo. Ila milo ya pamoja mbele ya miungu ilikuwa kila kona ya dunia ile. Hizi dini mbili zilikua bega kwa bega, miji ile ile, karne zile zile. Kuhusu nani alimtangulia mwenzake, alama za kwanza za Mithra wa Kirumi, yule wa pangoni na fahali, zinaonekana mwishoni mwa karne ya 1 BK. Mshairi Statius anamgusia kwenye miaka ya 90. Wakati huo barua za Paulo zimeshaandikwa na kusomwa. Sisemi Mithra kawaiga Wakristo, nasema ile hadithi ya "alitangulia kwa miaka 600" inachanganya Mithra wawili, nitaifikia.

Sasa tupekue lile bandiko neno kwa neno.

Bikira: Mithra wa Warumi alitoka kwenye mwamba. Zipo sanamu zake anachomoza jiweni hadi kiunoni, mkono mmoja kisu, mwingine mwenge. Sijui ubikira wa jiwe unapimwaje.

Desemba 25: kuna kalenda ya Roma ya mwaka 354 inayoweka siku hiyo kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa" pamoja na mbio 30 za magari ya farasi. Huyo ni Sol Invictus, mungu Jua wa dola, ambaye Kaisari Aurelian alimjengea hekalu kubwa Roma mwaka 274. Ibada ya hadharani, yenye makuhani wa serikali. Mithra naye aliitwa Jua Asiyeshindwa kwenye mawe mengi, ndiyo asili ya mkorogo, lakini kwenye picha zake Jua ni mtu mwingine kabisa: wanashikana mikono na wanakula pamoja juu ya ngozi ya fahali. Hakuna maandishi ya kale yanayompa Mithra siku ya Desemba 25.

Wanafunzi 12: buruji 12 alizozitaja Bint Falaki. Mtu kaona sura 12 zimezunguka picha, akahesabu, akawaita mitume.

Kufa na kufufuka: anayekufa ni fahali. Hakuna mchongo wa Mithra maiti, hakuna kaburi lake, hakuna maombolezo.

#8 Huru Fikra

Mleta uzi unajifanya hujui. Kanisa lilichoma vitabu vyao vyote! Ushahidi ungetoka wapi? Na pale Santa Prisca, Roma, pameandikwa ukutani "umetuokoa kwa kumwaga damu ya milele". Hiyo siyo Pasaka?

#9 Kifusi

Hapo umekuja na silaha, heshima kwako.

Santa Prisca ni kanisa kwenye kilima cha Aventine, na chini yake kuna hekalu la Mithra lililochapishwa na Waholanzi, Vermaseren na Van Essen, mwaka 1965. Kuta zake zilikuwa na msafara wa watu waliobeba sadaka, na mashairi ya Kilatini yaliyochafuka vibaya. Huo mstari umo. Ila rangi ilipochunguzwa tena, lililosomeka kwa uhakika ni "damu iliyomwagwa". Neno "milele" liko kwenye mashaka makubwa. Na damu yenyewe, kwa picha iliyo mbele ya macho yao, ni ya fahali. Kwa hiyo ndiyo, walizungumzia kuokolewa. Kutoka nini, kwenda wapi, ukuta hauendelei.

Humo humo kuna mkwaruzo wa mtu mmoja aliyeandika kwamba amezaliwa mwanga wa kwanza, tarehe 20 Novemba mwaka 202, siku ya Jumamosi, mwezi ukiwa wa siku 18. Wengi wanaona ni siku ya kuingizwa kwake kwenye dini. Hilo nalipenda kuliko mashairi yote.

Kuhusu vitabu kuchomwa: vingekuwepo na vikachomwa, sawa, inawezekana. Lakini huwezi kutumia kitabu kilichochomwa kama ushahidi wa kilichokuwa ndani yake.

#10 Mkemia wa Mtaa

Uliahidi jogoo.

#11 Kifusi

Haya. Tienen, Ubelgiji. Nje ya hekalu la Mithra lililokuwa kwenye mji mdogo wa Kirumi walikuta mashimo yaliyojaa mabaki ya karamu moja, ya karne ya 3. Vyombo vya kulia watu wapatao mia, vilivyovunjwa na kutupwa kwa pamoja. Na mifupa: kuku kwa mamia, karibu wote majogoo, pamoja na wanakondoo na watoto wa nguruwe. Kwa umri wa hao wanyama wadogo, wataalamu walikadiria kwamba karamu ilikuwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Yaani katikati ya kiangazi cha Ulaya, jua likiwa juu kabisa. Hata msio wafugaji mtaelewa: kukusanya majogoo mamia kwa siku moja kunamaliza majogoo ya vijiji. Na watu mia hawaingii kwenye pango, kwa hiyo walikula nje, majirani wakiwaona. Siri ilikuwa ya yaliyotendeka ndani, si ya kuwepo kwao.

Hapo ujue pia kwamba ile picha ya Wamithra kuoga damu ya ng'ombe ni porojo. Ibada hiyo ya fahali ilikuwa ya mungu mama Cybele. Pango la Mithra hata kumgeuza fahali ndani huwezi, na kwenye majalala yao mifupa inayotawala ni ya kuku na nguruwe.

Nyingine: Virunum, Austria. Mwaka 1992 lilipatikana bamba la shaba lenye majina ya wanaume 98. Liliwekwa mwaka 183 na watu 34 waliochangia kukarabati hekalu lao, baadaye kila mwaka wanaongezwa wachache, mwandiko unabadilika, hadi mwaka 201. Majina matano kati ya yale 34 ya mwanzo yana alama ya kifo, na bamba linasema walikutana tarehe 26 Juni mwaka 184 kwa ajili ya vifo. Wengi wanadhani ni tauni iliyokuwa inaitembelea dola enzi zile. Ukilitazama lile bamba humuoni mungu wa ajabu wa Mashariki, unaona daftari la chama cha kuzikana.

#12 Mama Wawili

Wanaume 98. Wanawake je?

#13 Kifusi

Hakuna, dada. Kwenye orodha zote za waumini hakuna mwanamke aliyeingizwa. Ilikuwa dini ya askari, maafisa ushuru wa mipakani, wafanyabiashara, na watumwa wa ofisi za serikali, na mtumwa aliweza kupanda daraja akawa juu ya mtu huru. Madaraja yalikuwa saba: Kunguru, Mchumba, Askari, Simba, Mwajemi, Mpiga Mbio wa Jua, na Baba. Ostia kuna sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe yenye visanduku saba vimepangwa kama ngazi, kila kimoja na vifaa vyake: Simba ana koleo la moto na radi, Baba ana kofia ile ile ya Mithra, fimbo na mundu. Na Jerome, padri msomi, kwenye barua ya mwanzoni mwa karne ya 5, akayataja madaraja hayo hayo akimsifu ofisa aitwaye Gracchus aliyevunja pango la Mithra Roma alipokuwa mkuu wa jiji mwaka 376 hadi 377. Sakafu na barua havijuani, na vinakubaliana. Ndiyo raha ya akiolojia.

Namna ya kuingizwa imechorwa Capua, Italia: mtu uchi, amefungwa macho, anasukumwa na aliye nyuma yake. Na Carrawburgh, kwenye ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, kuna madhabahu iliyotolewa na kamanda Marcus Simplicius Simplex. Miale ya jua kichwani pa mungu imetobolewa kabisa hadi upande wa pili, nyuma pakaachwa nafasi ya taa. Kijana aliyefunguliwa kitambaa gizani, kitu cha kwanza kukiona ni uso wa jiwe unaowaka.

#14 Ngosha Ziwani

Ulisema Mithra wawili. Malizia hapo.

#15 Kifusi

Mitra au Mithra wa zamani yupo kweli. Anatajwa kama shahidi kwenye mkataba wa Wahiti na Wamitanni karne ya 14 KK, yumo kwenye Veda za India, na kwenye Avesta ya Waajemi ana utenzi wake mrefu: mungu wa maagano, mwenye masikio elfu. Lakini huyo hana pango, hana madaraja saba, na hamchinji fahali. Mbelgiji Franz Cumont, kwenye vitabu vyake vya mwishoni mwa karne ya 19, aliamini dini ilisafiri nzima nzima kutoka Uajemi hadi Roma. Watu wakamfuata kwa miaka 70. Mwaka 1971, kwenye kongamano la Manchester, John Hinnells na Richard Gordon wakasema wazi kwamba Mithra wa Uajemi na wa Roma hawaunganiki hivyo. Leo wengi wanaona kuna mtu au kundi ndani ya dola ya Kirumi lililochukua jina na harufu ya Uajemi, likaunda kitu kipya. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasema maharamia wa Cilicia (kusini mwa Uturuki ya leo) waliopigwa na jemadari wa Kirumi Pompey mwaka 67 KK ndio walioanzisha, ila kati yao na pango la kwanza kuna pengo la zaidi ya miaka mia.

Kioja ni Dura-Europos, Syria. Hekalu lilianzishwa na wapiga mishale wa Palmyra, mwaka 168. Waajemi wa Kisasani walipouzingira mji miaka ya 250, Warumi wakafukia majengo ya kando ya ukuta kwa udongo ili kuuimarisha. Mji ukaanguka, na ule udongo ukahifadhi rangi za pango la Mithra, kanisa na sinagogi, vyote vya mtaa mmoja karibu. Yaani mungu aliyeitwa wa Waajemi kaponea udongo wa kuwazuia Waajemi. Michoro yake iko Chuo Kikuu cha Yale.

#16 Huru Fikra

Sawa, ila Kanisa si ndilo lililowamaliza? Usilipake mafuta.

#17 Kifusi

Silipaki. Santa Prisca picha zilikatwa kwa shoka nyuso kwa nyuso, na Gracchus nimeshamtaja. Lakini mwaka 308 pale Carnuntum, mji wa kambi ya Kirumi kwenye Austria ya leo, makaisari Diocletian, Galerius na Licinius walikarabati hekalu la Mithra na kumwita mlinzi wa utawala wao. Karne haikuisha hali imegeuka. Kinga ya wakubwa ilipoondoka, kundi la watu thelathini halina pa kuegemea. Mengine yaliachwa tu, paa likaanguka. London sanamu zilizikwa kwa uangalifu chini ya sakafu na jengo likaendelea kutumika, yaelekea kwa Bacchus, mungu wa mvinyo. San Clemente, Roma, unashuka kutoka kanisa la karne ya 12 hadi kanisa la karne ya 4, unashuka tena unakuta pango, maji yanapita chini yakisikika. Sipendi wanaoiita hiyo ushindi wa dini moja juu ya nyingine kwa sababu tu ya ngazi. Roma yote imejengwa juu ya Roma.

Renan, msomi wa Kifaransa, aliandika mwaka 1882 kwamba Ukristo ungekwama, dunia ingekuwa ya Mithra. Kauli inapendwa sana. Dini isiyoingiza wanawake, isiyolea watoto, isiyohubiri barabarani? Mimi nabisha.

#18 Mama Wawili

Hapo nakuunga mkono asilimia zote. Afrika ilifika?

#19 Kifusi

Ilifika na jeshi. Lambaesis, Algeria, makao ya kikosi cha Kirumi cha Legio III Augusta, lipo hekalu. Misri nako kumepatikana mawe yake, Memphis. Kusini ya mipaka ya dola haikushuka, maana kambi za Roma hazikushuka.

#20 Bint Falaki

Nipo Uingereza kimasomo. Hilo la London kuingia ni bei gani?

#21 Kifusi

Ni bure, dada, ila weka nafasi mtandaoni kabla hujaenda. Liko chini ya jengo la Bloomberg, mtaa wa Walbrook. Kichwa cha marumaru hakipo hapo, kiko makumbusho ya jiji, kwa hiyo ulizia kwanza kama kinaonyeshwa. Ukishuka utakuta wameweka giza, ukungu na sauti za Kilatini, madoido kidogo kwa ladha yangu. Wewe subiri taa ziwake, kisha tazama urefu wa yale majukwaa na ujaribu kuwapanga watu wazima walioegemea kiwiko wakila.